Jinsi ya kuweka mkeka wa joto chini ya sakafu ya motohomu

Wadau mnaoishi huku kwenye baridi, kama umeshaamua kung'oa sakafu ya motohomu (gari lenye nyumba ndani) basi hapohapo weka na mkeka wa joto, yaani mkeka wenye waya wa umeme unaopasha sakafu, maana ukishafunga sakafu mpya ndo basi tena mpaka ubomoe. Mi nimeshafanya gari mbili hapa Ujerumani, yangu na ya shemeji yangu, na ile ya kwanza nilikosea sehemu moja iliyoniuma sana, nitaisema nikifika.

Kwanza amua umeme unatoka wapi. Kuna mikeka ya volti 12 na ya volti 230. Ya 12 inavutia kwa sababu unawaza utalala popote, ila piga hesabu kwanza: wati 300 kwenye volti 12 ni ampia 25, betri ya lithiamu ya Ah 100 inaisha kwa kama masaa manne, na jua la Januari huku halikurudishii kitu. Mi nimeweka ya 230 kwa sababu msimu wa baridi nalala kwenye kempingi zenye soketi, na wati 300 hapo ni ampia 1.3 tu, hata soketi ya ampia 6 inabeba na unabaki na kama wati 1,000 za mambo mengine. Na tuelewane, mkeka huu haupashi gari nzima. Nje ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri hita yako ya gesi au dizeli lazima iwake. Mkeka ni wa miguu, ile asubuhi unashuka kitandani peku na watoto wanacheza chini bila kuganda.

Hatua ya kwanza, chora. Chukua chaki uweke alama pale makabati, kitanda na friji vinapokaa, na mkeka usiingie chini yake kabisa, joto likikosa pa kutokea linarundikana hapo linaharibu waya na sakafu. Ukitoa hizo sehemu zinabaki njia tu za kupita, kwangu zilikua mita za mraba 2, upana sentimita 50 urefu mita 4. Pima pia nafasi chini ya mlango wa choo, sakafu itapanda kama sentimita moja na nusu.

Ya pili, ng'oa ya zamani halafu chukua patasi uwe unadunga plaiwudi ya chini taratibu, hasa mlangoni, kwenye matao ya matairi na karibu na bafu. Mbao nzima inagoma, iliyooza patasi inazama kama kwenye keki na inatoa harufu ya uyoga. Kwangu mlangoni ilizama. Nilikata kipande kama cha sahani, nikatafuta kwanza maji yanaingilia wapi (silikoni ya kizingiti ilikua imeachia), nikaacha pakauke wiki nzima ndo nikaweka mbao mpya. Ukifunika unyevu halafu ukaupashia moto juu yake unaozesha gari yako mwenyewe.

Ya tatu ni insulesheni na hapa usibane hela. Chini yako kuna upepo wa barabarani, joto bila kizuizi linaenda kupasha lami. Mi nililaza bodi ngumu za XPS (povu gumu la plastiki linalozuia joto) za milimita 6, nikazigandisha kwa gundi na kuziba maungio kwa tepu ya alumini.

Sasa mkeka. Kabla hujaukunjua chukua multimita (kipimo cha umeme) upime omu, yaani ukinzani wa waya. Mkeka wa wati 300 wa volti 230 unatakiwa usome kama omu 176, linganisha na namba iliyoandikwa kwenye lebo yake. Andika. Ukishaulaza pima tena, ukishafunika pima tena. Hapa ndo nilipokosea kwenye gari ya kwanza, nilipima mara moja tu, nikabana kwa stepla, nikafunga sakafu, nikawasha, kimya. Pini moja ilikata waya. Ilibidi nibomoe vinaili (zulia la plastiki la juu) mpya yote, kazi ya siku tatu. Toka hapo stepla sigusi, ni tepu na gundi tu.

Kwenye kona unakata foili au wavu unaoshika waya, waya wa joto wenyewe haukatwi wala haupishani na mwenzake. Sensa (kipima joto cha themostati) iweke ndani ya bomba jembamba katikati ya mistari miwili ili siku ikifa uivute bila kubomoa. Pale waya wa joto unapoungana na kebo ya kawaida pana uvimbe, chonga kitako chake kwenye XPS usije ukausikia unyayoni miaka yote. Piga picha ukiwa umeweka futi kamba juu, zitakuokoa siku unataka kufunga mguu wa meza.

Juu yake mi nimeweka plaiwudi ya milimita 4 kwa gundi, kisha vinaili iliyoandikwa kwamba inakubali joto la chini. Themostati (swichi inayodhibiti joto) ifungie kwenye nyuzi 27, zaidi ya hapo vinaili nyingi zinajikunja na gundi inaachia.

Kuunganisha kwenye umeme wa 230 mwite fundi umeme mwenye leseni, foili lazima ipate ethi (waya wa ardhi), na lazima iwepo ile swichi inayojikata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Hili usilifanye kwa kubahatisha, gari ni bodi la chuma na watu wamelala ndani.

Usiwashe siku hiyohiyo. Subiri gundi ikauke kadiri kopo linavyosema, halafu anza na nyuzi 18 na upandishe mbili mbili kila siku. Sakafu mpya inaongeza uzito, kwa hiyo kama gari yako mwisho ni kilo 3,500 pitia mizani kabla ya safari. Zile namba za omu, mi nimeziandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la fyuzi pamoja na picha za mkeka.