Jinsi ya Kumsaidia Kijana Mwenye Anoreksia Kurudisha Uzito

Anoreksia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa kuogopa kunenepa. Kabla chakula hakijaongezwa, kijana apimwe na daktari. Mwili uliozoea njaa ukianza kulishwa tena bila uangalizi, kiwango cha madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu katika damu kinaweza kushuka hadi kuhatarisha moyo. Anayezimia, au ambaye mapigo yake ya moyo yako chini ya 50 kwa dakika akiwa macho, huenda akahitaji kulazwa kwanza.

Wiki za mwanzo ndizo muhimu kuliko zote. Katika tiba ya kifamilia, ambayo chimbuko lake ni Hospitali ya Maudsley ya London, wazazi ndio wanaopanga, kupakua na kusimamia kila mlo kwa muda, kwa sababu ugonjwa umemnyang'anya kijana uwezo wa kujiamulia kuhusu chakula. Anayeongeza takriban kilo 2 katika mwezi wa kwanza wa tiba hii ana nafasi kubwa zaidi ya kupona, na anayetibiwa mapema ana nafasi nzuri ya kupona kuliko aliyeugua kwa miaka. Kwa hiyo msisubiri mpaka yeye mwenyewe atake kula. Utayari huo mara nyingi huja baada ya uzito kupanda. Mpeni milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kwa siku, mkae naye mpaka amalize, na mwe imara bila kumkaripia, kwani lawama za wazazi huzorotesha tiba.

Uzito ukigoma ingawa anakula, msiharakishe kumshuku, ijapokuwa mazoezi ya kificho chumbani ni jambo la kuchunguzwa. Mwili unaojijenga upya huchoma nishati nyingi kuliko kawaida, hivyo kiasi kilichotosha mwezi uliopita huenda kisitoshe sasa, na mtaalamu wa lishe atakiongeza.

Lengo la uzito, ambalo familia nyingi hulishusha mno, litokane na chati ya ukuaji wa kijana mwenyewe kabla hajaugua, wala si na wastani wa wenzake. Kwa kuwa bado anarefuka, lengo hilo lipandishwe kila baada ya miezi michache, na kwa msichana kurejea kwa hedhi kuwe dalili mojawapo tu. Likifikiwa, arudishiwe mamlaka juu ya chakula chake kidogo kidogo, pengine kwa kuanza na kitafunio kimoja, huku akiendelea kupimwa uzito kila wiki.