Barua ya msaada wa fedha kutoka chuo cha Marekani: namna ya kujua utalipa kiasi gani hasa

Mtoto akishakubaliwa chuoni, ofa ya msaada wa fedha huwekwa kwenye akaunti yake ya mtandaoni ya chuo. Ina pongezi, jedwali, na chini yake jumla kubwa iliyoandikwa "Total Aid". Jumla hiyo usiitegemee, kwa sababu mara nyingi imechanganya fedha za kupewa na za kukopeshwa. Mwaka 2022 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havionyeshi kabisa gharama halisi kwa familia, ama huionyesha ikiwa pungufu. Si haki kumwachia mzazi kazi ya kukisia deni la mwanawe, lakini kwa sasa ndivyo ilivyo, basi hesabu uifanye mwenyewe.

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika fedha zisizorudishwa: kila mstari wenye neno "Grant" au "Scholarship". Kulia andika mikopo: "Loan", "Direct", "Subsidized", "Unsubsidized", "PLUS". Vyuo vingine hufupisha, vikaandika "Unsub" tu. Uchunguzi wa New America na uAspire wa mwaka 2018 ulikuta mkopo huo mmoja wa Unsubsidized ukiitwa kwa majina 136 tofauti, na 24 kati yake hayana hata neno mkopo. Mstari usiouelewa uweke kulia mpaka chuo kikujibu kwa maandishi.

"Work-Study" usiiweke upande wowote. Hiyo ni ruhusa ya kufanya kazi chuoni. Kazi yenyewe mwanafunzi huitafuta, na mshahara huja kadiri anavyofanya kazi, kwa hiyo hautasaidia bili ya Agosti, masomo yanapoanza.

Kisha tafuta gharama ya mwaka mzima, "Cost of Attendance". Hakikisha ina ada, bweni, chakula, vitabu, nauli na matumizi ya kawaida, maana barua nyingine hutaja ada peke yake. Angalia pia bima ya afya. Vyuo vingi humwandikisha kila mwanafunzi kwenye bima ya chuo na kuiongeza kwenye bili. Aliye na bima nyingine, hata Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), huweza kuomba aondolewe, ila lazima ajaze fomu kabla ya tarehe iliyowekwa. Ikipita, bili inabaki.

Tuseme gharama ya mwaka ni dola 38,000. Barua imeorodhesha ruzuku ya Pell (ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo) 7,395, skolashipu ya chuo 9,000, Direct Subsidized 3,500, Direct Unsubsidized 2,000, Work-Study 2,500 na Parent PLUS 13,605. Ukijumlisha unapata 38,000 kamili, na barua inasema kilichobaki kwako kulipa ni sifuri. Sasa rudi kwenye karatasi yako. Kushoto kuna 16,395 tu. Ukitoa kwenye 38,000, familia inabeba 21,605 kwa mwaka mmoja. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha chuo kimoja na kingine. Wingi wa "msaada" haukuambii kitu.

Mikopo nayo haifanani. Subsidized ndiyo nafuu kuliko yote, kwa sababu serikali hulipa riba wakati mwanafunzi anasoma angalau nusu ya mzigo wa masomo. Kwenye Unsubsidized riba huanza kuhesabiwa siku fedha zinapotolewa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayehesabiwa kuwa chini ya wazazi hukopa mwisho dola 5,500 kwa mbili hizo. Parent PLUS ni deni la mzazi, kwa jina lake, na serikali haina utaratibu wa kumhamishia mtoto baadaye. Hukatwa ada ya zaidi ya asilimia 4 kabla fedha hazijafika, kwa hiyo ile 13,605 hupungua kwa dola zipatazo 575, na pengo hilo unalijaza wewe. Mzazi akinyimwa PLUS kwa sababu ya historia ya madeni, mwanafunzi huweza kuongezewa hadi dola 4,000 za Unsubsidized katika mwaka wa kwanza. Hakuna mkopo unaokulazimu kuuchukua wote: unaweza kukubali mmoja, kukataa mwingine, au kuomba kiasi kidogo.

Familia za wakimbizi, wakiwemo wengi waliotoka Congo, wasisubiri green card ndipo wajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu; I-94 (rekodi ya kuingia Marekani) yenye hadhi ya ukimbizi hutosha. Mwenye viza ya F-1, ya mwanafunzi wa kigeni, hapati Pell wala mikopo ya serikali kuu, hivyo kwake kilicho muhimu ni skolashipu ya chuo chenyewe.

Kabla ya kukubali, uliza kwa barua pepe: skolashipu hii ni ya miaka mingapi? Inadai wastani gani wa alama na krediti (vipimo vya mzigo wa masomo) ngapi kila muhula? Ada ikipanda, nayo inapanda? Nikipata skolashipu ya nje, mtapunguza yenu? Wengi huipoteza mwaka wa pili kwa kuacha somo moja katikati ya muhula, wakashuka chini ya krediti 12.

Ikiwa kipato kimeshuka, usikae kimya. FAFSA hutumia taarifa za kodi ya mapato za miaka miwili nyuma, kwa hiyo kazi uliyopoteza mwaka jana haionekani humo. Iandikie ofisi ya msaada wa fedha uombe "professional judgment", yaani waipime upya hali yako ya sasa. Barua iwe ya ukurasa mmoja, yenye tarehe, kipato cha zamani na cha sasa, pamoja na barua ya kuachishwa kazi, hati za mwisho za mshahara au bili za hospitali. Taja na pengo kwa dola. Ipeleke mapema, maana vyuo vingi hutaka uamuzi ifikapo Mei 1, na amana ya kushika nafasi ukishailipa, kwa kawaida hairudi.