Kabla hujaweka hela kwenye mtandao wa "faida kila siku", pitia haya kwanza

Mimi ni wakala wa miamala hapa Kirumba, Mwanza, kibanda changu kipo njia ya kushukia mwaloni kwenye soko la samaki, kwa hiyo hela za dagaa, za sangara na za mabondo zinapita mkononi kwangu kila asubuhi. Na hela za hii mitandao ya "wekeza leo uanze kula kesho" nazo zinapita hapahapa, naziona zikiondoka, kurudi naziona mara chache sana. Mwaka juzi na mimi niliweka laki nne na nusu kwenye mmoja, ulizima wiki ya saba, sikupata hata nauli. Wiki hii tu wamekuja watu watatu wanataka niwatumie hela namba ambazo ukizitazama unajua kabisa hapa mtu anakwenda kulizwa, na mmoja wao ni mama anayeanika dagaa, ninamheshimu kama mama yangu mzazi. Nimeona niandike yote ninayoyajua ili hata nikiwa na foleni mtu asome mwenyewe.

Anza na swali moja kabla ya yote: mbalamwezi yao ni lini?

Wa huku ziwani mnanielewa. Dagaa wanavuliwa kwenye giza, taa inawashwa wanaifuata, mwezi ukishakuwa mkubwa mitumbwi inapaki, watu wanashona nyavu, wengine wanapanda feri kwenda kusalimia nyumbani Ukerewe, hela inakuwa ngumu mpaka giza lirudi. Na hata kwenye giza lenyewe kuna siku upepo unakataa. Biashara ya nguo Makoroboi ina Januari yake, bodaboda ana siku ya mvua, mwenye duka la pembejeo ana miezi ambayo anakaa tu anaangalia barabara. Sasa mtu anakuja kukwambia ana kitu kinalipa asilimia 2 kila siku, Jumapili kwa Jumatatu, mvua kwa jua, hakijawahi kushuka hata siku moja. Muulize hiyo kazi ni ipi duniani isiyo na siku mbaya. Akikujibu "mfumo wetu ni wa kisasa, akili bandia inafanya biashara yenyewe" ujue hajakujibu.

Na sio maneno ya mwaloni tu haya. Marekani kulikuwa na mzee mmoja mkubwa kabisa kwenye mambo ya fedha, Bernard Madoff, alikamatwa Desemba 2008 akaja kufungwa miaka 150, kwenye makaratasi yake wateja walikuwa wanasomeka wana dola bilioni 65 hivi na nyingi kati ya hizo hazikuwepo kabisa. Huyo alikuwa anawapa watu kama asilimia 10 na kitu, kwa MWAKA. Aliyemshtukia miaka mingi kabla, Harry Markopolos, kilichomtia shaka ni kwamba miezi ya hasara karibu haikuwepo, faida imenyooka tu kama rula. Kama tapeli mkubwa wa dunia aliogopa kuahidi zaidi ya asilimia 10 na kitu kwa mwaka, huyu wa kwenye grupu la WhatsApp anayekupa 2 kwa siku ametoa wapi?

Chukua kalkuleta ya simu tufanye hesabu. Weka 100,000, kila siku iongezeke asilimia 2 na usitoe kitu, yaani faida nayo inazaa. Baada ya siku 30 una kama 181,000. Sawa, inavutia. Endelea mpaka siku 365, unakuta zaidi ya milioni 137. Kutoka laki moja! Sasa kama kweli wana mashine ya hivyo wanaihitaji laki yako ya nini, si waweke laki yao moja wakae kimya mwaka mmoja? Hatifungani za serikali (yaani unaikopesha serikali, yenyewe inakulipa riba) za miaka 20 na 25, ambazo ndo ziko juu kwa riba kwenye vitu halali, miaka ya karibuni zimekuwa zikitoa kati ya asilimia 12 na 16 kwa mwaka. Laki inakuwa laki na elfu kumi na kitu, baada ya mwaka mzima. Ukitaka kipimo cha haraka kichwani ndo hicho, ahadi ikipita hapo mara mbili uliza maswali, ikipita hapo kwa siku moja au wiki moja ondoka.

Hela ya malipo inatoka wapi basi, maana ni kweli wa mwanzo wanalipwa? Inatoka kwa wanaofuata. Hakuna kingine. Charles Ponzi alifanya hivyohivyo kule Boston mwaka 1920, aliahidi asilimia 50 kwa siku 45 kwa biashara ya kuponi za posta ambayo kiukweli hakuwa anaifanya, akawa anamlipa wa jana kwa hela ya leo. Hapa kwetu tumekuwa na DECI, watu walikuwa "wanapanda" na "kuvuna", mwaka 2009 serikali ikaisimamisha na viongozi wake wakapelekwa mahakamani Kisutu kwa kuendesha upatu. Leo wamebadilisha nguo tu, wanasema kazi ni kubonyeza laiki kwenye video, kuzipa hoteli nyota, kukodisha mashine ya kuchimba sarafu za mtandao, ngazi za kulipia wanaziita VIP 1, VIP 2, VIP 3, lakini ukifuatilia hela njia yake ni ileile ya Ponzi.

Alafu angalia hii ya "leta watu watano". Wewe mmoja ulete 5, kila mmoja alete 5 wake, wanakuwa 25, 125, 625... ngazi ya 9 inataka watu 1,953,125. Ngazi ya 10 inataka zaidi ya milioni 9.7, wakati mkoa wote wa Mwanza kwenye sensa ya 2022 ulikuwa na watu 3,699,872, na hapo umehesabu mpaka vichanga. Kwa hiyo lazima mtandao usimame, na ukisimama wanaokuwa chini ndo wengi kuliko wote. Naomba msichanganye na upatu wa kina mama, ule mchezo wa watu kumi mnaojuana, kila mtu anatoa elfu 50 na zamu yako ikifika unabeba laki tano, pale hakuna aliyeahidiwa kupata zaidi ya alichotoa. Huo ni akiba. Huu mwingine kuuendesha ni kosa la jinai Tanzania, na wewe unayesambaza linki ili upate bonasi usidhani uko pembeni, polisi wakianza kuuliza nani alimwingiza nani jina lako ndo lipo kwenye simu ya jirani yako.

Sasa vitu vya kukagua, vinachukua nusu saa hivi.

Cheti. Watakutumia picha ya cheti cha BRELA, au karatasi ya kampuni iliyosajiliwa London. BRELA inasajili jina na kampuni, haimpi mtu ruhusa ya kukusanya hela za wananchi awekeze. Uingereza nako kufungua kampuni ni kazi ndogo, inafanyika kwenye intaneti kwa ada ndogo tu, cheti chake hakisemi kitu kuhusu uaminifu wa mtu. Anayekusanya hela za umma kuwekeza lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, na anayepokea amana au kukopesha anasimamiwa na Benki Kuu. Majina ya wenye leseni yapo kwenye tovuti zao, yatafute mwenyewe kwa kuandika anuani kwa mkono wako, usipitie linki uliyotumiwa. Na Benki Kuu ina tawi hapahapa Mwanza, mtu anaweza kwenda kwa miguu akauliza, mimi nimeenda na walinisikiliza vizuri.

Umri wa tovuti. Kuna kurasa za bure za kuangalia jina la tovuti lilisajiliwa lini, zinaitwa WHOIS. Wanasema wako kazini tangu 2015, unaangalia unakuta jina lina miezi miwili. Hapo umeshamaliza.

Aplikesheni. Ikiwa haipo Play Store na wanakutumia faili uipakie kwa kuruhusu "vyanzo visivyojulikana", acha. Faili la hivyo linaweza kusoma meseji zako zote pamoja na zile namba za siri za benki. Ila kuwepo Play Store nako sio uthibitisho.

Namba ya kulipia, na hapa naongea kama wakala. Kampuni inajiita ya kimataifa alafu hela unatuma kwenye namba ya mtu binafsi, jina likitokea unakuta ni la mtu tu, kesho wanabadilisha namba, keshokutwa nyingine. Soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri! Watu wengi hawasomi, wanabonyeza tu. Wakikuhamisha kwenye sarafu za mtandao, USDT na kadhalika, ndo mbaya zaidi, kwenye simu angalau unaweza kuwahi kuomba muamala urudishwe kabla jamaa hajatoa, kule ukishatuma hakuna wa kumpigia.

Skrinishoti za malipo zisikushawishi, kuzitengeneza ni dakika mbili. Na zile tovuti zinazoorodhesha hii mitandao na kuandika "inalipa" kwa kijani, nyingi zinakula kamisheni kwa kila anayejiunga kupitia linki yao, na mwenye mtandao anahakikisha wao wanalipwa mpaka siku ya mwisho. Grupu ambalo admini peke yake ndo anaandika, au anayeuliza swali anatolewa, nalo lina maana yake. Kugawa unga kwa yatima wakiwa na fulana za kampuni, kukodi ukumbi, kualika msanii, hayo ni matangazo, yanalipwa kwa hela ya aliyejiunga jana.

Kitu ambacho kinawapata hata watu makini ni malipo ya kwanza. Unaweka elfu 20, wiki moja unatoa elfu 28, kweli inaingia kwenye simu, unaisikia mlio. Mimi ndo nilipokamatwa hapo. Nilidhani nimeijaribu kumbe mimi ndo nilikuwa najaribiwa, chambo hakimnufaishi samaki. Baada ya hapo nikaweka laki nne na nusu, na nikamwambia na mdogo wangu wa Igoma, akaweka mahari yake. Yangu nimeshaisahau. Ya kwake hapana.

Kwa hiyo elfu 28 kuingia sio ushahidi wa kitu chochote. Na kama umeamua kabisa kwamba utaweka, maana wapo hawasikii, basi isiwe hela ya ada, isiwe ya kikoba, isiwe mtaji wa gunia la kesho, na usithubutu, nasema usithubutu, kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, kwenda kuweka huko. Nimeona dada ananyang'anywa friji Mabatini kwa mkopo wa kausha damu ambao hela yake ilikaa kwenye aplikesheni siku kumi na moja tu.

Aliye ndani tayari afanye hivi. Leo hii omba kutoa mtaji wako wote, sio faida, wote. Wakikwambia lipa kwanza kodi, au ada ya kuthibitisha akaunti, au panda VIP ndo utoe, usilipe hata shilingi, kodi ya TRA hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Acha kuingiza watu. Piga picha kila kitu kabla hawajakutoa kwenye grupu: salio, namba, majina, kumbukumbu namba za miamala, linki. Kama umetuma muda si mrefu piga 100 huduma kwa wateja haraka, kila dakika ina maana, hela ikishatolewa kwa wakala hairudi kwa njia hiyo. Namba na meseji za matapeli zitume kwenda 15040, ni bure. Nenda polisi na hizo picha ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako, usione aibu, hata kama hela hairudi maelezo yako na ya wengine kumi ndo yanajenga kesi. Kama uliwapa namba ya NIDA piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako, na namba ya siri badilisha.

Anayetaka hela ikae mahali izae, sehemu zipo. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS unaanza na hela ndogo tu, hatifungani za serikali zinaanzia milioni moja kupitia benki au dalali mwenye leseni. Ni taratibu, haina msisimko, na hakuna anayekupigia simu saa nne usiku.

Yule mama wa dagaa alikuwa ameshaweka laki tatu kabla hajanifikia, siku hiyo alikuja kuongeza laki mbili apande VIP. Nilimwambia mama yangu, kabla sijatuma hii omba kwanza kutoa ile. Tulikaa hapo kwenye benchi tukaomba wote wawili kwenye simu yake. Jibu lilikuja baada ya nusu saa, alipe elfu 60 ya "kufungua akaunti". Alikaa kimya muda mrefu akazifunga zile laki mbili kwenye khanga. Juzi kapigiwa na mtu anajiita mwanasheria, ana orodha ya waliotapeliwa, atamrudishia laki zake tatu kwa ada ya elfu 40. Hao nao ni walewale, namba zenu wanazo. Akikupigia, kata simu, namba yake ipeleke 15040.