Kabla hujalipia laptop ya kuandikia programu

Ukienda Kariakoo kutafuta laptop iliyotumika ya kujifunzia kuandika programu, usianze na swali la mfumo endeshi, Windows au Linux. Anza na kazi yenyewe. Unataka kutengeneza programu za iPhone? Hapo huna ujanja, Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea programu hizo, inakaa kwenye Mac tu.

Kwa anayejifunza wavuti, Python au PHP, mimi nasema wazi: jaribu Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Seva nyingi za mtandaoni zinaendeshwa na Linux, kwa hiyo amri utakazozizoea nyumbani ndizo utakazokutana nazo kazini. Tena laptop nyingi zenye prosesa ya Intel ya kabla ya kizazi cha 8 hazikidhi masharti ya Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Nyingi ya mashine hizohizo Ubuntu inazimudu vizuri.

Chukua toleo la LTS, linalotunzwa kwa miaka 5. Faili lake ni kubwa, GB kadhaa, basi lipakue kwa bando la usiku au mwombe mwenzako aliye nalo. Liandike kwenye flashi kwa programu ya kutengenezea flashi ya kuwashia (kulinakili tu hakutoshi), nenda nayo dukani, uwashe laptop kupitia flashi bila kusakinisha chochote. Jaribu Wi-Fi (hiyo ndiyo husumbua zaidi), sauti na kamera kabla hujatoa hela.