Namna ya Kupata Vipuri vya Choo cha Zamani cha Mashua ya Matanga

Mashua za matanga zinazotia nanga Kilifi na Mtwapa, zikisubiri msimu wa pepo ugeuke, aghalabu zina umri wa miaka thelathini au zaidi, na choo kilichomo ndani huwa na umri uleule. Mwenye mashua hunijia akisema kwamba choo kimekufa na kwamba vipuri vyake havitengenezwi tena. Kauli ya kwanza ni nadra kuwa kweli. Ya pili huwa na ukweli kidogo tu, kwa sababu mara nyingi kipuri kipo, ila hakuna aliyekitambua sawasawa.

Hatua ya kwanza: Funga koki za chini

Choo cha baharini huvuta maji ya kusuuzia kupitia tundu lililo chini ya usawa wa maji, na mara nyingi hutoa uchafu kupitia tundu la pili la namna hiyohiyo. Funga koki zote mbili kabla ya kulegeza klipu hata moja, kisha piga pampu mara kadhaa uone kama maji bado yanaingia bakulini. Yakiingia, koki yenyewe ni mbovu, na hiyo ndiyo kazi ya kuanza nayo, kwa kuwa mpira wa maji uliochomoka chini ya usawa wa maji unaweza kuizamisha mashua usiku mmoja. Ukiona koki ya shaba ya njano imegeuka rangi ya waridi, ujue zinki imeliwa na kilichobaki ni shaba nyepesi kuvunjika. Usiilazimishe, subiri mashua ipandishwe pwani uweke ya bronzi.

Hatua ya pili: Tambua choo pamoja na umri wake

Jina la chapa peke yake halitoshi. Chukua mfano wa Jabsco, ambacho ndicho ninachokutana nacho zaidi. Kibandiko cha zamani huweza kusomeka PAR au ITT, na leo chapa hiyo iko chini ya Xylem, kampuni iliyotengwa na ITT mwaka 2011. Choo ni cha ukoo uleule, lakini sili za ndani, yaani vipande vya mpira vinavyozuia kuvuja, zimebadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Kizazi kilichoanza mwaka 2008 kina mpini unaoshindiliwa chini na kuzungushwa ili ujifunge, na seti yake ya sili ni namba 29045-3000. Kama mpini wako haujifungi, una kizazi cha nyuma, na seti hiyo haitakufaa. Mwanzoni mwa kazi yangu niliagiza seti kwa kusoma jina la chapa tu. Ilifika baada ya wiki sita, na sili ya mti wa pistoni ikakataa kukaa. Tangu hapo siagizi kitu kabla ya kupiga picha ya mpini, ya kichwa cha pampu na ya namba yoyote iliyochapwa kwenye plastiki.

Lavac, choo cha Kiingereza, hakina pistoni pembeni mwa bakuli. Kifuniko hufungwa, pampu ya kiwambo iliyowekwa mbali kidogo hutengeneza ombwe, na ombwe hilo ndilo huvuta maji safi. Pampu yake ya kawaida ni Henderson Mk V, ambayo sasa hutengenezwa na Whale wa Ireland ya Kaskazini, na vipuri vyake vinapatikana bila taabu. Nimeona watu wakiazimia kununua pampu mpya ilhali kilichochoka ni ukanda wa mpira ulio chini ya kiti na kifuniko, ambao huvujisha hewa.

Vyoo vizito vya bronzi ni habari nyingine. Wilcox-Crittenden wa Middletown, Connecticut, hawatengenezi tena, kwa hiyo vipuri vyake hutafutwa katika mashua zilizovunjwa, katika stoo za gati za zamani, na kwa mafundi wanaokereza. Hata hivyo mimi huvipenda, kwa sababu karibu kila kinachochakaa ndani yake kinaweza kutengenezwa upya kwa mkono.

Hatua ya tatu: Fungua, safisha, ndipo uhukumu

Dalili hukuelekeza kwenye kipuri. Maji yakivuja kwenye mti wa pistoni, ni sili ya juu. Maji machafu yakirudi bakulini baada ya kusuuza, ni valvu ya mdomo wa bata iliyo kwenye njia ya kutokea, ambayo imepoteza ukakamavu au imeshikwa na chokaa. Pampu ikiwa nzito, usiilaumu upesi: mkojo ukikutana na maji ya bahari hujenga chokaa ndani ya mpira wa kutolea, na nimewahi kukata mpira wa milimita 38 nikakuta kidole gumba changu hakipiti.

Loweka vipande kwa siki nyeupe usiku kucha. Chokaa sugu huyeyushwa na asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, ukiwa umevaa glovu na miwani, mahali penye upepo. Kamwe usiichanganye asidi na dawa ya kufulia yenye klorini, kwani gesi inayotoka huua.

Hatua ya nne: Pima

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Kwa kila oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, pima kwa kalipa kipenyo cha ndani na unene wa uzi wake. Oringi ya zamani imebanwa na kupoteza umbo, kwa hiyo pima pia mfereji inamokaa. Vyoo vya Marekani hufuata vipimo vya inchi, na unene wa uzi huwa milimita 1.78, 2.62, 3.53 au 5.33. Makopo ya oringi yanayouzwa katika maduka ya spea za magari mara nyingi ni ya milimita kamili au nusu. Uzi wa 3.5 utakaa vizuri mahali pa 3.53, lakini 2.5 mahali pa 2.62 utavuja, na utamlaumu fundi bure.

Bolti nazo zina hila yake. Choo cha Kimarekani kina nyuzi za UNC, na cha zamani cha Kiingereza huweza kuwa na nyuzi za Whitworth. Katika robo inchi zote mbili zina nyuzi 20 kwa inchi, kwa hiyo nati huingia ukadhani umefaulu, ilhali pembe ya uzi ni digrii 60 katika ya kwanza na 55 katika ya pili. Katika nusu inchi ni 13 dhidi ya 12, na hapo huwezi kudanganyika.

Hatua ya tano: Amua cha kuagiza na cha kutengeneza hapa

Valvu ya mdomo wa bata na sili ya mti wa pistoni huziagiza, wala sijaribu kuziiga. Kama mwili wa pampu ya Jabsco umekwaruzika ndani, seti ya sili ni fedha iliyotupwa; agiza pampu nzima, namba 29040-3000, ambayo hukaa juu ya kitako cha kizazi kilichotangulia.

Gasketi bapa hukatwa kwa shiti ya mpira wa naitrili ya milimita 3. Kikombe cha ngozi cha pistoni ya zamani hukatwa na fundi viatu mwenye mkono mzuri, kikaumbwa kikiwa kimelowa juu ya kalibu ya mti, kisha kikashibishwa mafuta ya mnyama. Kamba ya kuzuia maji kwenye mti wa pampu ya bronzi ni ileile inayofungwa kwenye shafti ya propela. Kata pete zake kwa mshazari na upishanishe maungio yake. Bolti ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316.

Hatua ya sita: Paka, funga, jaribu

Paka sili zote grisi ya silikoni. Grisi ya petroli huvimbisha mpira wa EPDM, na pampu huwa nzito tena kabla ya mwezi kuisha. Kaza skrubu kwa kupishana, kidogo kidogo, maana plastiki ya zamani hupasuka. Fungua koki, piga pampu mara ishirini, futa kila kiungo kwa karatasi kavu, na ukae hapo saa nzima. Karatasi ikibaki kavu, kausha bakuli, acha koki wazi kwa saa nyingine ukiangalia kama maji yanapanda yenyewe. Yakipanda, chunguza kitanzi cha kuvunja mvuto wa maji kilicho nyuma ya ukuta, kwa sababu valvu yake ndogo ya hewa nayo huziba kwa chumvi.