Jinsi ya kuomba kufutiwa mkopo wa masomo Marekani bila kumlipa tapeli

Dada mmoja ninayesali naye, nesi wa hospitali ya kaunti, alinionyesha risiti ya dola 799. Kampuni ilimpigia simu ikamwahidi mkopo wake ungefutwa kabla ya Ijumaa. Alichouziwa ni fomu ambayo serikali inaitoa bure. Iliniuma, maana kwa kazi yake anastahili kabisa kuomba.

Mpango wenyewe unaitwa PSLF (Public Service Loan Forgiveness, yaani kufutiwa mkopo kwa kutumikia umma), na ulianzishwa mwaka 2007. Ukiwa umeajiriwa serikalini au kwenye shirika lisilo la faida la 501(c)(3) (kifungu cha sheria ya kodi kinachoyasamehe kodi mashirika hayo), kwa angalau saa 30 kwa wiki, na ukakamilisha marejesho 120 yanayokubalika, salio linafutwa. Si lazima marejesho yafuatane, ila ni ya kila mwezi, kwa hiyo hayapungui miaka 10. Anayekuahidi wiki hii anakudanganya.

Anza kwa kuandika StudentAid.gov, tovuti ya serikali ya mikopo hii, wewe mwenyewe kwenye simu au kompyuta. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa kwa meseji. Neno la siri la akaunti yako ya hapo usimpe mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka Wizara ya Elimu. Akilipata, anabadilisha anwani na namba yako ya simu, barua zote zinaenda kwake, nawe unakuja kushtuka mkopo umelala miezi bila kulipwa.

Ukishaingia, angalia aina ya mkopo. Unaokubalika ni Direct Loan, yaani mkopo uliotolewa moja kwa moja na serikali kuu. Kama wako ni FFEL au Perkins, aina za zamani za mikopo ya serikali kuu, omba kuuunganisha uwe Direct papo hapo, bure. Hakikisha pia uko kwenye mpango wa kulipa kulingana na kipato unaokubaliwa na PSLF.

Sasa chukua W-2 yako, fomu ya mshahara na kodi ambayo mwajiri anakupa kila mwaka. Kwenye kisanduku b kuna EIN, namba ya utambulisho ya mwajiri, tarakimu 9. Iandike kwenye PSLF Help Tool, zana iliyoko kwenye StudentAid.gov, nayo itakuonyesha kama mwajiri huyo anakubalika. Jaza tarehe za kazi, tia sahihi, kisha weka barua pepe ya ofisa wa mwajiri atakayethibitisha. Hapa ndipo wengi wanakwama: ombi linaangukia kwenye barua taka za ofisa, au linakwenda kwa mtu asiye na mamlaka ya kusaini. Pita kwanza ofisi ya rasilimali watu, uliza nani anasaini, mwambie ajiandae kuipokea.

Rudia fomu kila mwaka, na kila unapobadili kazi.

Kama umeshanaswa, badilisha neno la siri leo. Pigia benki simu wazuie makato, kisha iambie kampuni inayosimamia mkopo wako ifute idhini yoyote uliyowapa watu hao. Ripoti kwenye ReportFraud.ftc.gov. Kampuni inayokutafuta kwa simu kisha ikadai malipo kabla ya kushughulikia deni lako inavunja sheria ya Marekani, kwa hiyo usione aibu kuishtaki. Ukihitaji msaada, piga 1-800-433-3243, simu ya serikali yenyewe.