Kuchapa Picha kwa Ubao wa Kuchonga
Katika uchapaji huu, sehemu inayoachwa juu ndiyo inayopokea wino, na iliyochongwa hubaki nyeupe. Picha hugeuka inapochapwa kwenye karatasi, kwa hiyo mchoro huwekwa kinyume, kushoto kuwa kulia, kabla ya kushika patasi. Usiufiche ubao wenyewe. Ukiusugua kwa brashi ya waya kufuata mwelekeo wa nyuzi, sehemu laini huliwa na mistari migumu huinuka, nayo hujichapa kama mawimbi, uzuri ambao mimi nauthamini kuliko mstari wowote wa mkono. Paka wino kwa rola, tabaka jembamba, kisha laza karatasi na uisugue kwa mgongo wa kijiko, ukikandamiza zaidi pale unapotaka weusi ukolee.

Kwa rangi kadhaa, ijaribu njia ya Edvard Munch, mchoraji wa Norway, aliyekata ubao vipande kwa msumeno, akapaka kila kipande rangi yake, akaviunganisha tena na kuvichapa kwa pamoja. Unaweza pia kuuchonga ubao uleule hatua kwa hatua, kuanzia rangi nyepesi hadi nzito. Hapo chapa nakala zote za rangi moja kabla ya kuendelea, kwa kuwa sehemu iliyokwisha kuchongwa haiwezi kuchapwa tena.